Jiwe la Mama Chini ya Shuka

L'Esterre, Carriacou
14 Januari 1991

Dada Clothilde,

Shikamoo. Kuna swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka mingi, na leo nalitanguliza hata kabla ya kukujulia hali, jambo ambalo Mama angenikemea kwalo: je, mtu huondoka kwao siku anapopanda meli, au siku anapoacha kukitamani chakula cha kwao? Wanafunzi wangu nimekuwa nikiwaambia kwa kujiamini kwamba katika mwili wa mhamiaji ulimi ndio unaosahau mwisho. Siku hizi sina hakika. Huenda nililisema hilo kwa sababu tu lilipendeza masikioni.

Sasa hali. Hujambo wewe? Shemeji Theo hajambo? Na Maxine? Kiwanda cha nguo ulichosema kinayumba, bado kinamwajiri? Sisi huku hatujambo. Tangi la maji ya mvua limejaa nusu, mbaazi zimekomaa, na jirani yetu Bi Lucita ana ulimi uleule uliouacha.

Yeye ndiye sababu ya barua hii. Alhamisi alikuja asubuhi, kitambaa cha kichwani kimekaa upande, hajapiga hata hodi.

"Ismay, mama yako amenijia usingizini."

"Amesemaje?"

"Kasimama mlangoni pa jiko, ananitazama kama mtu aliyekuta chungu kitupu. Nikamwambia, Eudora, mbona huingii? Akasema, 'Nitaingiaje, nami sina pa kukaa?' Basi, akajiendea zake. Hata kuniaga hakuniaga. Unamjua alivyokuwa."

"Pengine ulilala na njaa, Bi Lucita."

"Njaa! Nimelala nimeshiba shelisheli na samaki juu! Usiniletee mambo yako ya chuo kikuu. Mwanamke anataka jiwe lake."

Jiwe lake la kaburi limo chumbani kwa Mama tangu mwaka 1986, lilipoletwa kwa mashua kutoka Grenada. Limelazwa kitandani na kufunikwa shuka nyeupe, kama inavyopasa hadi siku ya karamu ya kulisimamisha kaburini. Kila Jumamosi ninafagia kulizunguka. Kila mwaka ninakuandikia, na kila mwaka kuna jambo: zamu za Theo, mitihani ya Maxine, paa la nyumba. Sikulaumu. Lakini katika ukoo wetu mkono wa mtoto wa kwanza ndio unaolimwagilia jiwe maji na ramu kabla ya mikono mingine, na mtoto wa kwanza wa Eudora Bedeau ni wewe.

Nimeweka siku: Jumamosi baada ya Pasaka. Nitapika kila kitu ulichokuwa ukikipenda. Njoo, dada.

Mdogo wako,
Ismay


Huddersfield
9 Februari 1991

Mdogo wangu Ismay,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa theluji, nikaianika kwenye kipasha joto kama samaki. Sisi tunaendelea. Theo anakohoa lakini anakohoa kwa kiburi, maana yake ni mzima. Kiwanda kimefungwa kweli, na Maxine yuko nyumbani, ananifuata chumba hadi chumba kama polisi.

Swali lako la kisomi nimelisoma mara mbili, kisha nikaona afadhali nioshe vyombo.

Sitaweza kuja, Ismay. Najua sura utakayoifanya, kwa hiyo geuza uso kidogo. Lakini sikuachi mikono mitupu: Maxine anakuja. Mwenyewe ndiye aliyeomba. Ana miaka ishirini na minne na hajawahi kukanyaga huko. Atafika mwanzoni mwa Machi na atakaa hadi mwisho wa Mei. Mkono wake ni mkono wangu, mwambie Bi Lucita hivyo, na akibisha mwambie bado nakumbuka nani alikula keki nyeusi ya harusi ya binamu yetu Agatha kabla ya harusi.

Mlishe mtoto. Mpe kila kitu. Na nina ombi moja, usilicheke: niandikie kila anachokula na kila anachokunywa. Usiandike tu "amekula samaki". Andika samaki gani, amekaangwa au ametiwa tui, ndimu ilitiwa mwanzo au mwisho, na uso wake ulikuwaje. Una karatasi na una kalamu na una lugha nyingi. Zitumie.

Dada yako,
Clothilde


L'Esterre
18 Machi 1991

Dada Clothilde,

Shikamoo, na nakuombea nafuu ya baridi. Binti yako amefika salama. Ana paji la uso la Mama na mwendo wa Theo, na ananiita Mama Mdogo kwa sauti yako hasa. Mara ya kwanza nilipomsikia akiniita kutoka uani niliitika "Naam, dada," kisha nikaona haya.

Ombi lako sikulicheka. Ninalitekeleza.

Siku ya kwanza: chai ya kakao, niliyoikuna mwenyewe na kuichemsha na jani la mdalasini, kungumanga na maziwa. Maxine aliona mafuta ya kakao yakielea juu, akadhani nimekosea pishi. Akachukua kijiko, kwa adabu kabisa, akaanza kuyaengua na kuyatupa. Bi Lucita aliyekuwa mlangoni akapiga kelele kama ameona nyoka.

"Wewe mtoto! Huo ndio utamu wenyewe unaoumwaga!"

"Samahani, Bibi. Nilidhani ni mafuta."

"Ni mafuta! Na wewe una nini cha kukulainisha? Umekauka kama ufagio. Kunywa."

Akanywa. Uso wake, kwa kuwa umeuliza: alikiweka kikombe, akakichukua tena. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo hii." Nilimuuliza ndiyo ipi. Akasema, "Mama huota anainywa. Anaamka analamba midomo." Akageuza maneno.

Siku ya pili: maubi, ya magome, niliyoyaacha yalale na mdalasini na sukari ya guru. Alikunja uso mzima.

"Mama Mdogo, hii ni dawa au ni kinywaji?"

"Kwa mwenye koo ni kinywaji," akajibu Bi Lucita. "Kwa mwenye mdomo mtupu ni dawa. Mama yako alikuwa akimaliza jagi."

Siku ya tatu anayaomba mwenyewe.

Tumemlisha shelisheli iliyochomwa motoni hadi ganda likawa jeusi, tukaipasua na kuitia siagi. Tumempikia shelisheli ya chungu, pamoja na majani ya magimbi, manjano na tui, ikakauka polepole hadi mafuta ya nazi yakabaki chini. Anapenda kukwangua chungu, nami nikamwachia. Kombe wa bahari nilimpiga kwa nyundo ya mbao hadi akalegea, nikamwosha kwa ndimu mara mbili, mwanzo na mwisho, kisha nikampika na pilipili mbuzi. Maxine alikula akitokwa na machozi na kamasi, akikataa maji. Juisi baridi ya maua ya choya yenye tangawizi na karafuu anakunywa kama mtu aliyetoka jangwani.

Lakini kuna jambo nisilolielewa. Mtoto huyu ana njaa ya chumvi. Samaki mkavu nilikuwa nimemloweka ili apungue chumvi, nikamkuta Maxine amesimama jikoni peke yake, anamnyofoa kutoka kwenye bakuli, anamla mbichi hivyo hivyo, macho kafumba. Mezani hutia chumvi kabla ya kuonja. Bi Lucita akamtania, "Kwani huko Uingereza chumvi inauzwa duka la dawa?" Maxine alicheka. Kisha akainuka akaenda uani na hakurudi hadi vyombo vilipooshwa.

Baadaye nilimuuliza kama humpikii vyakula hivi. Akasema ulikuwa ukipika zamani, na kwamba miaka hii mitatu hupiki hata mbaazi. Nyumba yenu, alisema, haina harufu ya kitu.

Dada, nilikaa na sentensi hiyo siku nzima. Nisamehe kama natafsiri vibaya, kwa maana mara nyingi natafsiri vibaya na kugundua nikiwa nimechelewa. Lakini niliona kama ndilo jibu la swali langu la Januari. Umeacha kukitamani. Ulituondokea miaka mitatu iliyopita, na hukutuambia. Kama ni hivyo, basi sielewi kwa nini uliniomba nikuandikie vyakula vyote hivi, isipokuwa kwa adabu.

Maandalizi ya karamu yanaendelea.

Mdogo wako,
Ismay


Huddersfield
28 Machi 1991

Ismay,

Barua hii haina salamu ndefu. Sisi wazima.

Unasema nimewaondokea. Wewe umekaa hapohapo maisha yako yote, ukaenda Jamaika kusoma tu, ukarudi na shahada, ukaingia nyumba ya Mama ukafunga mlango, na sasa unanipimia njaa yangu kutoka huko kama unavyosahihisha insha.

Nami nikuulize. Jiwe liko nyumbani tangu 1986. Nani alikukataza kulisimamisha? Bi Lucita ana mikono. Wewe una mikono. Mashimo ya kaburi huchimbwa na watu waliopo, hayangoji walioko ng'ambo. Kila mwaka unaandika, "Mama hana pa kukaa, njoo." Umemweka mama yetu amesimama mlangoni miaka yote hiyo ili mimi nione aibu. Yeye ndiye chambo, mimi ndiye samaki.

Lisimamishe jiwe. Usiningoje.

Clothilde


L'Esterre
8 Aprili 1991

Dada Clothilde,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 28 imefika leo asubuhi, siku mbili baada ya siku ya karamu. Nimeisoma. Nitaijibu, lakini si leo, kwa sababu leo kuna jambo lililo mbele yake.

Karamu haikufanyika.

Nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio unaonishikilia. Ijumaa tulipika uani kwa kuni: mbuzi wawili, wali, ugali wa mahindi uliotiwa tui na mbaazi. Sufuria za watu zilikuwa upande mmoja. Upande wa pili, kwenye mafiga yake, ulikuwa moto wa sahani ya wazee, ile ya marehemu wetu, inayotandikiwa meza ya kitambaa cheupe chumbani, mlango ukafungwa ili wao wale kwanza. Bi Lucita alimkabidhi Maxine moto huo, kwa kuwa mkono wake ni mkono wako.

"Kila kitu unachokijua weka," akamwambia. "Kasoro chumvi."

"Kwa nini bila chumvi?"

"Wazee walioletwa na meli za utumwa, waliokataa kula chumvi waliweza kuruka wakarudi Afrika. Waliokula wakawa wazito, ndio sisi hapa. Marehemu humpi chumvi, mwanangu. Unataka asafiri au unataka umfunge kamba?"

Maxine aligeukia chungu chake. Nilimwona akikoroga, mgongo wake umetuelekea. Jioni, kabla ya kuandaa meza, Bi Lucita alimega tonge la wali kutoka chungu kile, kama ilivyo desturi, akaonja. Akatema mkononi.

"Nani katia chumvi hapa?"

Uwanja mzima uligeuka kukitazama chungu. Unajua maana yake: chungu kimeharibika, meza haitandikwi, na bila meza jiwe halitoki ndani. Watu walikuwa wamekuja kutoka Harvey Vale, wengine kutoka Windward. Wapiga ngoma walikuwa wameshakausha ngozi motoni.

"Ni mimi," akasema Maxine.

"Umesahau?"

"Sikusahau."

"Basi umefanya makusudi! Haya, tueleze, binti wa Uingereza, labda huko marehemu wanakula na chumvi na siki!"

Wengine wakacheka. Na Maxine, dada, alisimama na mwiko mkononi, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa umri wake: "Hiki ni chakula cha mama yangu. Mama yangu ndiye anayekula hivi, kila siku, miaka mitatu. Wali hauna chumvi, nyama haina chumvi, mkate hauna chumvi. Mimi ndiye ninayempikia. Mama yangu hajafa. Siwezi kumpikia chakula hiki mtu aliyekufa."

Kisha akakaa chini, palepale kwenye majivu.

Mengine alitueleza ndani, ameegemea kitanda chenye jiwe. Figo zako. Mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Kwamba yeye ulimwapisha asiseme. Bi Lucita alivua kitambaa chake cha kichwani akamfuta Maxine miguu. Halafu akatoka nje akawaambia watu wale nyama, waende nyumbani, familia ina mgonjwa na siku itapangwa upya. Hakuna aliyelalamika.

Nilikuandikia mwezi uliopita kwamba umetuondokea. Sina la kusema juu ya hilo ambalo halitakuwa dogo mno.

Kwa nini hukuniambia?

Mdogo wako,
Ismay


Huddersfield
24 Aprili 1991

Mdogo wangu, Ismay wangu,

Marahaba, marahaba. Usilie juu ya karatasi, wino wako ni wa bei rahisi na nusu ya ukurasa sikuweza kuusoma.

Barua yangu ya Machi ichome. Niliiandika siku niliyotoka kwenye mashine, na siku hizo huwa sina nafsi, nina ulimi tu. Mwambie Maxine sina hasira naye. Alitunza siri kuliko benki.

Umeuliza kwa nini. Ningekuambia, ungefanyaje? Ungelia, kisha ungeandika kurasa sita, kisha ungeacha kunialika. Hilo la mwisho ndilo sikulitaka. Kila Januari nilikuwa nangoja barua yako ya kuniita. Nilikuwa najua kwamba nitasema hapana, lakini nilitaka kuitwa. Mtu anayeitwa kwao bado ana kwao. Ona sasa, nami nimeanza kusema kama wewe.

Daktari ni kijana mpole, ana madoadoa puani. Siku ya kwanza alinisomea nisichoruhusiwa. Chumvi, hiyo nilitegemea. Kisha ndizi. Nazi, maji yake na tui lake. Kakao. Shelisheli hakuijua kwa jina, nikamwelezea, akaenda kuuliza, akarudi akasema hiyo pia hapana. Mbaazi hapana. Samaki mkavu usiseme. Nikamwambia, "Mwanangu, umenikataza kisiwa kizima." Akacheka. Alidhani ni utani. Na kunywa napimiwa, Ismay, vikombe vidogo, mimi niliyekuwa namaliza jagi la maubi.

Barua yako ya Machi, ile ya vyakula, niliisoma nikiwa nimeunganishwa na mashine. Niliisoma polepole, kama mtu anayekula. Nilipofika kwenye mafuta ya kakao ambayo mtoto anayaengua, nilipiga kelele "Acha!" hadi muuguzi akaja mbio. Halafu nikafika mwisho wa barua ulikoniambia nimeacha kutamani. Hapo ndipo nilipokasirika. Sasa unajua.

Nakuomba mawili. La kwanza, simamisha jiwe kabla Maxine hajaondoka. Lisimamishwe ningali na masikio ya kuhadithiwa. Ukiendelea kuningoja utakuja kuwa na mawe mawili kitandani, na kitanda cha Mama hakina nguvu hiyo.

La pili, mwache Maxine apike sahani ya wazee. Nimemwandikia mwenyewe na kumwambia kwamba chakula kile si cha wafu wala si cha wagonjwa. Ni cha watu wanaojiandaa kwa safari, basi, na safari nyingine ni ndefu na nyingine huahirishwa. Sijui kama nililisema sawasawa. Atakuonyesha barua.

Theo anakusalimu. Anakohoa.

Dada yako,
Clothilde


L'Esterre
9 Juni 1991

Dada Clothilde,

Shikamoo. Maxine atakuwa amefika zamani na kukuhadithia yote, na pengine vizuri kuliko nitakavyoandika. Lakini uliniagiza maelezo, na maelezo ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Karamu ilifanyika Jumamosi tarehe 25 Mei. Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha. Ijumaa Maxine alikuwa mbele ya moto wake tangu adhuhuri. Bi Lucita alisimama nyuma yake kama askari.

"Hujatia?"

"Sijatia, Bibi."

"Na hicho ulichotia ni nini?"

"Majani ya vitunguu. Ganda la ndimu. Kungumanga kidogo. Mama hupenda majani ya vitunguu yawe mengi, na yatiwe mwishoni wakati moto umezimwa."

Bi Lucita alionja. Alitafuna muda mrefu kuliko tonge lenyewe lilivyostahili. Kisha akasema, "Miaka sitini ninapika sahani hii, nikijua ni ya watu wasioonja. Huyu amepika kama mtu ataila." Akatandika kitambaa mwenyewe.

Asubuhi tulipoufungua mlango wa chumba, watoto waliivamia meza kama kawaida, wakinyang'anyana. Nilikuwa sijawahi kula chakula kile. Nikiwa mtoto nilikiona kikavu, na nilipokua nilisimama kando nikikitazama, kama mtu anayeandika juu yake. Safari hii nilinyoosha mkono katikati ya watoto, nikapata tonge la wali. Nilitegemea huzuni, dada, na sikuipata. Ulikuwa wali mtamu. Niliusikia mchele wenyewe, kisha ndimu ikaja nyuma, kisha majani. Niliwaza kwamba saa ileile wewe huenda unakula, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu ulipopanda meli tulikuwa na kitu kimoja mdomoni. Baadaye nilikumbuka tofauti ya saa: kwenu ilikuwa karibu adhuhuri. Lakini huwa unachelewa kula, kwa hiyo hilo nimeliacha lilivyo.

Jiwe lilibebwa na wanaume wanne. Kaburini palisemwa, "Mkono wa Clothilde, wa kwanza wa Eudora," na Maxine akamwaga maji, kisha ramu yetu, ile kali ambayo hata barafu huzama ndani yake. Ilimruka hadi kwenye viatu. Bi Lucita akanong'ona kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Eudora ana kiu leo!" Watu walicheka kaburini, na nadhani Mama angependa. Mimi nilimwaga wa pili, kama inavyopasa. Ngoma zililia hadi Jumapili. Maxine alicheza vibaya sana, na kila mtu alimtunza.

Alipoondoka hakubeba chochote cha kula. Alisimama jikoni akitazama kakao, viungo, nazi, na akasema, "Hakuna hata kimoja ninachoweza kumpelekea." Nikamwambia akuonyeshe viatu. Bado vinanuka ramu.

Sasa yaliyobaki. Uliniuliza Machi ni nani aliyenikataza kulisimamisha jiwe, kisha ukaniambia niichome barua. Sikuichoma, kwa sababu swali lile ni halali. Nimelijaribu kwa uaminifu niwezao. Ulianza mashine mwaka 1988. Jiwe lilifika 1986. Kuna miaka miwili kati yake ambayo wewe ulikuwa mzima na hukuja, na mimi nilikuwa na jiwe na sikulisimamisha. Ugonjwa hauielezi miaka ile. Ningependa ugonjwa uieleze. Nimejiambia kwamba nilikungoja kwa ajili ya desturi. Nimejiambia pia kwamba nililiweka jiwe kama kamba, na kwamba nilijua likisimama sitakuwa na sababu ya kukuandikia uje. Yote mawili yanasikika kama kweli ninapoyaandika. Nikiyasoma kesho, huenda yasisikike hivyo.

Upande wako siujui kabisa. Kama figo zako zingekuwa nzima, je, ungekuja? Hapo ndipo ninapokwama, na sioni njia ya kutoka. Ningeweza kukuuliza, barua inafika kwa siku kumi au kumi na moja. Lakini ungejibu "ndiyo" ili nipate usingizi, nami ningekuamini kwa sababu nakupenda, na lingebaki neno la upole tulilopeana, bila jibu ndani yake. Na kama ungejibu "hapana," ningeamini ni mashine inayosema. Mtu pekee anayejua, yaani wewe, hawezi tena kunijibu kwa namna ambayo ningeitumainia, na kosa si lake.

Kwa hiyo siulizi. Chumba cha Mama sasa kiko wazi na nimefungua madirisha. Na kama ulivyoniagiza: leo nimepika samaki mwekundu, amekaangwa kwanza, kisha akatiwa mchuzi wa nyanya na bizari, ndimu mwanzo, majani ya vitunguu mwishoni moto ukiwa umezimwa. Alikuwa mkubwa kuliko sahani, mkia ukaning'inia nje. Nimeanza kumla kichwani.

Mdogo wako,
Ismay